Kitabu kimeshinda tuzo, je, mtoto wako akisome?

Kila tuzo ya fasihi inapotangazwa, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaokwenda dukani kuulizia kitabu kilichoshinda, na wapo wanaohoji kimeshinda kwa lipi. Kwa wazazi kuna swali la ziada: Je, kitabu hicho kinafaa kuwekwa mikononi mwa kijana wa miaka 14?

Swali hilo si dogo. Katika nyumba nyingi, riwaya pekee inayosomwa ni ile iliyopangwa na shule, na hata hiyo mara nyingi husomwa kupitia mwongozo wa mtihani. Mzazi akipata nafasi ya kununua kitabu kimoja cha ziada, hataki fedha yake ipotee. Neno "mshindi" likionekana kwenye jalada linampunguzia kazi ya kuchagua. Lakini linamweleza nini hasa?

Maoni ya wazazi kuhusu jambo hili huangukia pande tatu.

Upande wa kwanza unaona tuzo ni kama nembo ya ubora kwenye bidhaa. Wataalamu wamesoma, wamelinganisha, wamechagua, kwa hiyo mzazi asiye na muda wa kusoma kila kitu anaweza kuwaamini.

Upande wa pili unaona tuzo ni mambo ya maprofesa. Hoja yao ni kwamba vitabu vinavyoshinda huwa na lugha nzito na mafumbo mengi, na mtoto akianza na kitabu cha namna hiyo anaweza kuchukia kusoma kabisa.

Upande wa tatu hauna ugomvi na majaji. Wao wanalalamika kwamba jina la mshindi hulisikia redioni, lakini kitabu chenyewe hawakioni dukani.

Kila upande una ukweli wake. Hata hivyo, pande zote tatu zinasahau jambo moja: tuzo humpima mwandishi mbele ya waandishi wenzake. Haimpimi mtoto wako. Kazi hiyo ni ya jaji wa pili, ambaye ni mzazi, na jaji huyo hawezi kutoa hukumu juu ya kitabu ambacho hajakifungua.

Ubishi wa Gurnah

Mfano mzuri ni wa Oktoba 7, 2021, siku ilipotangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuhamia Uingereza akiwa kijana, miaka ya 1960.

Tanzania ilifurahi, kisha ikaanza kubishana. Ni wetu au ni wa Waingereza? Mbona anaandika kwa Kiingereza wakati Kiswahili ndiyo lugha aliyokulia? Mitandaoni watu walitoa hoja za uraia, za historia na za mapinduzi. Kilichozungumzwa kidogo ni vitabu vyenyewe.

Sababu moja ilikuwa wazi. Wakati huo hapakuwa na riwaya yake hata moja iliyotoka kwa Kiswahili. Riwaya ya Paradise ilichapishwa mwaka 1994 na mwaka huohuo ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker ya Uingereza. Msomaji wa Kiswahili aliisubiri hadi mwaka 2022, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam kwa jina la Peponi. Ni miaka 28.

Anayeifungua leo hakuti ubishi wa pasipoti. Anamkuta Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye wazazi wake wanamkabidhi kwa tajiri mfanyabiashara aitwaye Aziz. Yusuf amezoea kumwita mjomba. Akishafika anakopelekwa ndipo anapoelezwa kwamba huyo si mjomba wake: baba yake anadaiwa, na yeye Yusuf ndiye rehani ya deni.

Hadithi hiyo inatokea pwani na bara ya Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini mzazi wa leo hahitaji mwalimu wa historia ili aielewe. Watoto bado wanatolewa vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, na baadhi yao wanaishia kulea watoto wa wenzao au kulinda duka.

Gurnah amerudi kwenye jambo la karibu na hilo katika riwaya yake ya Theft, iliyotoka mwaka 2025 ikiwa ya kwanza tangu apate Nobel. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Badar, kijana anayepelekwa kufanya kazi katika nyumba ya watu, kisha anashutumiwa kwa wizi. Safari hii hadithi iko karibu zaidi nasi: ni Tanzania ya miongo ya karibuni.

Hapo ndipo kitabu cha tuzo kinapoanza kuwa na kazi ndani ya familia. Kijana aliyesoma habari za Yusuf au Badar anaweza kumtazama dada anayewapikia na kumfulia kwa jicho jingine. Anaweza kuuliza dada huyo alitoka kwao vipi, kama aliwahi kusoma, na mshahara wake anapewa yeye au anapelekewa mtu mwingine. Baadhi ya wazazi wangependa maswali hayo yasiulizwe mezani. Wengine watayashukuru.

Je, Peponi inafaa kwa kila mtoto? Hapana. Inakwenda taratibu, na ina sehemu zinazogusa tamaa za watu wazima. Kijana wa kidato cha tatu au cha nne ataimudu vizuri kuliko mtoto wa darasa la saba. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo la Nobel, na halikuwa jukumu la majaji kuliandika.

Tuzo zetu zinamlenga nani?

Mzazi anayetaka kutumia tuzo kama dira anapaswa kwanza kujua kila tuzo inamtafuta nani. Hazifanani.

Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, ilianzishwa mwaka 1974. Faida yake kwa mzazi ni kwamba ina vitengo: vitabu vya watu wazima, vya vijana na vya watoto, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu chenye jina la tuzo hiyo, ulizia kilishinda katika kitengo kipi. Riwaya ya watu wazima na hadithi ya watoto zinaweza kubeba jina la tuzo ileile.

Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Afrika ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, wakati huo ikiitwa Mabati-Cornell. Jina hilo halikuwa fumbo: miongoni mwa wafadhili wake ni kampuni za mabati za Kenya na Tanzania zilizo chini ya kundi la Safal, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Zawadi zilizotengwa zilikuwa jumla ya dola 15,000 za Marekani, na miswada ambayo haijachapishwa inaruhusiwa kushindana.

Tuzo hii haikuanzishwa kwa ajili ya watoto, lakini majina ya vitabu ilivyovitambua yanaeleza kitu. Mwaka 2015 ilimtambua Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2016 ikaja Kilio cha Mwanamke ya Idrissa Haji Abdalla. Mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda kwa mashairi ya Mwanangu Rudi Nyumbani. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Zainab Alwi Baharoon na riwaya ya Mungu Hakopeshwi.

Damu, kwetu, mwanamke, mwanangu, nyumbani. Anayedhani kwamba fasihi ya tuzo iko mbali na maisha ya familia ayasome majina hayo mara ya pili.

Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walipatikana mwaka 2023, na hafla yake hufanyika Aprili 13, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupata Sh10 milioni.

Kwa mzazi, jambo kubwa katika tuzo hii si hizo milioni 10. Ni mpango wa kuichapisha miswada iliyoshinda na kuifikisha shuleni. Tuzo inayoishia kwenye hundi na picha humnufaisha mwandishi peke yake. Tuzo inayolipia nakala humfikia mtoto.

Wazo hilo liliwahi kujaribiwa nchini. Kuanzia mwaka 2008, Tuzo ya Burt iliyotokana na ufadhili wa Kanada iliendeshwa Tanzania kwa miaka kadhaa kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ililenga hadithi za vijana, na sehemu ya ushindi ilikuwa kununuliwa kwa maelfu ya nakala na kugawiwa kwa shule na maktaba. Waliolalamika walikuwa na hoja yao pia: vitabu hivyo vilipaswa kuandikwa kwa Kiingereza. Waliounga mkono walijibu kwamba wanafunzi wa sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza na wanahitaji hadithi za nyumbani katika lugha hiyo. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Kitabu kilichofichwa kabatini

Wazazi wanaosema tuzo si kipimo wana ushahidi wa nguvu: vitabu vingine vimeishi miaka mingi kwa sababu ya wasomaji, wala si kwa sababu ya majaji. Tena vingine viliishi licha ya kukatazwa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye ikaruhusiwa na kusomwa kwa miongo. Wapo bibi na babu wa leo walioisoma kwa kuificha chini ya godoro.

Hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba kitabu kinazungumzia mapenzi waziwazi na kitawaharibu wasichana. Lakini anayekisoma hadi mwisho anakuta jambo jingine. Rosa analelewa na baba mkali, Zakaria, ambaye anampiga vibaya binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote juu yao. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hana silaha yoyote. Mwisho wake ni mbaya.

Kwa maneno mengine, kitabu ambacho wazazi waliwaficha binti zao kilikuwa kinazungumza na wazazi. Huenda ndiyo maana kilifichwa kwa bidii kiasi hicho.

Suala la kukataza halijabaki historia. Februari 2023, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku shuleni vitabu 16, vikiwamo vya mfululizo maarufu wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi. Vitabu hivyo vinauzwa kwa wingi duniani na watoto wanavipenda. Hivyo mzazi alijikuta kati ya hukumu mbili: soko linasema ndiyo, serikali inasema hapana.

Katika hali hiyo, mzazi aliyekuwa amekaa na mtoto wake na kusoma naye alikuwa na kauli. Aliweza kusema ni ukurasa gani ulimkera na upi ulimchekesha. Aliyekuwa hajasoma alilazimika kukubali au kukataa kwa imani tu.

Vijana wakipewa ujaji

Kuna nchi iliyojaribu njia nyingine: badala ya watu wazima kuwachagulia vijana, vijana wanachagua wenyewe.

Ufaransa ina tuzo ya riwaya inayoitwa Goncourt. Mshindi hupewa hundi ya euro 10 tu, fedha ambayo haitoshi hata kununua vitabu viwili vipya huko. Hata hivyo waandishi wanaililia, kwa sababu kitabu chenye jina hilo huuzwa kwa malaki.

Mwaka 1988 ilianzishwa tuzo ndugu, Goncourt ya wanafunzi wa sekondari. Kila mwaka wanafunzi wapatao 2,000 kutoka madarasa mbalimbali hupewa riwaya zilizoteuliwa kushindania Goncourt. Wanazisoma kwa wiki kadhaa, wanajadiliana darasani, wanakutana na waandishi na kupiga kura.

Mara nyingi hukumu yao hutofautiana na ya wakubwa. Mwaka 2020 wakubwa walimchagua Hervé Le Tellier kwa riwaya yenye fumbo la ndege moja inayotua mara mbili. Vijana walimchagua Djaïli Amadou Amal wa Cameroon, kwa riwaya ya Les Impatientes inayohusu wanawake wa kaskazini mwa nchi yake wanaoozwa kwa lazima na kuambiwa kila siku wavumilie.

Vijana wa miaka 16 na 17 walikuwa na orodha ndefu mbele yao na wangeweza kuchagua kitabu chepesi zaidi. Walichagua kilio cha binti wa umri wao. Mzazi anayeamini kwamba vijana wakiachiwa watachagua upuuzi tu ana kila sababu ya kulitafakari hilo.

Hata hapa kwetu, somo kama hilo si geni. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inaanza na Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma kwa miaka mingi, na mwaka 2021 filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Familia inaweza kusoma riwaya, kisha kutafuta filamu na kulinganisha. Mabishano yatakayotokea sebuleni yatakuwa na uzito kuliko maswali mengi ya mtihani.

Adui aitwaye mwongozo

Wazazi wa Kenya wanalijua tatizo hili vizuri. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilikuwa riwaya ya kutahiniwa kidato cha nne hadi mwaka 2022, kisha ikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Chozi la Heri inamfuata Ridhaa, mtu anayepoteza familia na mali katika ghasia za baada ya uchaguzi. Ni jambo ambalo familia nyingi ziliishi.

Lakini mwanafunzi mwenye haraka hasomi habari za Ridhaa. Anasoma mwongozo: muhtasari wa sura, maudhui, tamathali za semi, sifa za wahusika. Anapasi mtihani bila kuguswa na chochote. Tanzania mambo ni hayohayo, vitabu vikiwa Takadini, Watoto wa Mama Ntilie au Joka la Mdimu.

Mwongozo una kazi yake baada ya kitabu kusomwa. Ukitangulia, unamwambia mtoto afikiri nini kabla hajafikiri. Njia rahisi ya kujua mwanao kasoma kipi ni kumuuliza swali ambalo mwongozo haujibu: "Ni wapi ulipomkasirikia mhusika unayempenda?" Aliyesoma riwaya atajibu. Aliyesoma muhtasari atakutajia dhamira.

Kuhusu upatikanaji, mzazi wa Dar es Salaam ana ahueni ya maduka ya vitabu kama TPH lililopo Mtaa wa Samora. Mikoani hali ni ngumu zaidi. Njia ambayo wengi wanaisahau ni maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba katika mikoa mingi, na ada ya uanachama wa mtoto ni nafuu ukilinganisha na kununua kila kitabu.

Njia ambayo wengi wanaikumbuka haraka mno ni pdf inayozunguka kwenye makundi ya simu. Inavutia kwa sababu haina gharama. Lakini mwandishi wa Kiswahili huishi kwa mrabaha mdogo unaotokana na kila nakala inayouzwa. Nakala iliyoibwa haimpi kitu, na mchapishaji akiona vitabu haviuziki hachapishi kingine. Huwezi kulalamika kwamba riwaya mpya za Kiswahili ni chache huku umesambaza zilizopo bure kwa watu 200.

Jinsi ya kuwa jaji nyumbani

Mzazi hahitaji digrii ya fasihi. Anahitaji muda kidogo na utaratibu.

Kwanza, angalia tuzo ilitolewa katika kitengo gani na mwaka gani. Kitabu cha watu wazima kisigeuzwe cha mtoto kwa sababu tu kina nembo ya dhahabu.

Pili, soma sura mbili za mwanzo na moja ya katikati kabla ya kumpa mtoto. Sura ya katikati ni muhimu, kwa kuwa mambo mazito mengi hukaa huko.

Tatu, ukikuta jambo zito, usikimbilie kukificha kitabu. Jiulize kama mtoto atakutana na jambo hilo njiani, shuleni au kwenye simu hata asiposoma. Kama atakutana nalo, ni afadhali akutane nalo kwenye kitabu ambacho wewe umekisoma.

Nne, kwa watoto wa shule ya msingi, someni kwa sauti baada ya chakula cha jioni, sura moja tu. Mtoto anayesoma vizuri amsomee mdogo wake. Mzazi ambaye hakusoma sana naye asikilize na atoe maoni. Hadithi haikuanzia kwenye vitabu.

Tano, wakati wa likizo anzisheni tuzo ya nyumbani. Azimeni vitabu vitatu, kila mwanafamilia avisome, kila mmoja atoe alama na sababu. Sharti ni moja: hairuhusiwi kusema "kizuri" au "kibaya" bila kutaja tukio au mhusika. Baba na mama wana kura moja moja kama wengine.

Sita, kama mtoto mwenyewe anaandika, mtunzie kazi zake. Asitume daftari lake pekee kwa mtu yeyote. Abaki na nakala, na mzazi asome masharti ya shindano kabla ya kusaini. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, mswada wa kijana Amani unaibwa na kuchapishwa kwa jina la mtu mzima mwenye sifa zake, Mwalimu Majisifu. Walibora aliandika riwaya, lakini onyo hilo linafaa hata nje ya riwaya.

Lipo jambo la mwisho ambalo huwapa wazazi tabu. Baada ya gharama na juhudi zote, mtoto anaweza kusema kwamba kitabu kilichoshinda tuzo kimemchosha. Wengi huona aibu au hasira, kana kwamba mtoto amekosa akili kuliko majaji.

Asikemewe. Aulizwe ni ukurasa gani ulianza kumchosha, na angekuwa yeye mwandishi angefanya nini hapo. Akiwa na jibu, basi amesoma kweli. Wiki ijayo apewe kitabu kingine, na safari hii achague mwenyewe.